Chuo cha Chini ya Mlima

Nilisema mbele ya watu kwamba mimi si mgomba, nipandwe mahali nibaki hapo hapo. Ilikuwa siku ya khitma ya babu, masinia ya ubwabwa yametoka tu jikoni, mjomba amekaa mkekani na kanzu yake ya kahawia, na wanawake wa ukoo wamejaa uani wakisikia kila neno. Mjomba alikuwa ameniita ukumbini anipe nasaha. Alilosema lilikuwa dogo. Alisema nikimaliza kidato cha sita na Mungu akinijalia kufaulu, nisome hapa hapa Morogoro, vyuo vipo, kwa nini nikahangaike Dar es Salaam. "Wavulana waende," alisema. "Mvulana akienda, kaenda yeye. Wewe ukienda, umeondoka na nyumba." Ndipo nikatoa hilo la mgomba. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alinifinya mkono na alama za kucha zikabaki ngozini mpaka jioni.

Asiyetujua atadhani huyo ni mzee anayembania mtoto wa kike. Si hivyo. Huko kwa mama, mlimani upande wa Kinole, ukoo unapita kwa mwanamke. Shamba la bibi linakwenda kwa binti, na la binti kwa binti yake. Mjomba ndiye msimamizi na kauli ni yake, lakini watoto aliowazaa mwenyewe hawana chao pale, chao kiko kwa mama yao. Mama alizaa wavulana na binti mmoja tu, ambaye ni mimi. Sehemu nyingine msichana huzuiwa kwa sababu anahesabiwa ni mali ya watu wengine siku zijazo. Mimi nilizuiwa kwa sababu nilihesabiwa ndiye mwenyewe. Nilijua ni heshima. Lakini kuzuiwa ni kuzuiwa, na mimi nikizuiwa miguu huanza kuniwasha.

Sijui kukaa. Nimekuwa hivyo tangu mtoto. Madrasa niliambiwa nina mdudu kwenye kiti, na shule ya bweni walinipa kazi ya kugonga kengele kwa sababu niliyoijua vizuri, kwamba ningekuwa nazunguka tu hata nisipopewa. Baada ya mtihani wa kidato cha sita nilirudi nyumbani Mwembesongo nikawa natembea kutoka chumbani hadi uani, uani hadi barabarani, barabarani hadi kwenye meza ya mama ya viungo na ndizi, na kurudi. Mama alisema nitamtobolea sakafu. Baba yeye alinitazama akicheka, akaniita daktari.

Baba ni mtu wa Dakawa, amekulia kwenye majaruba ya mpunga, akaja mjini kuwa fundi wa pampu. Kwake mambo ya mjomba na nyumba ya bibi yalikuwa utani wa wakwe, anayaheshimu akiwa mlimani na kuyacheka akishuka. Yeye alikuwa na ndoto moja na haikuwa na maelezo marefu. Nilisoma fizikia, kemia na baiolojia, kwa hiyo nilikuwa daktari, na daktari anasoma Dar, kwenye kile chuo kikubwa kinachochuja watu kama unga wa maandazi. Alishawaambia mafundi wenzake. Alishamwambia hata muuza magazeti. Mtaani nilikuwa nikipita wananiuliza dawa ya mgongo.

Nami sikukataa. Nani anakataa kuitwa daktari? Shangazi, dada yake baba, anakaa Dar, nikaenda kwake nikingoja matokeo, naye akaniombea ruhusa kwa jirani yake anayefanya kazi chuoni nikatembezwe. Nilikuwa na hamu kweli. Nilivaa gauni la Idi. Tukapita korido ndefu iliyopakwa rangi ya maziwa, tukachungulia ukumbi wa mihadhara, tukakuta wanafunzi wamekaa kwa safu na makoti meupe, vichwa vimeinama, hakuna hata mmoja anayetikisa mguu. Tukapita wodini. Mgonjwa mmoja akaniangalia, mwanamke wa umri wa mama, akanipungia mkono kidogo kama mtu aliyewahi kuniona sehemu. Nikapunga. Kisha nikaanza kutafuta mlango wa kutokea. Sikuogopa damu, wala hakukuwa na damu. Ni kwamba nilipiga picha maisha yangu ndani ya kuta zile, miaka na miaka, na hewa ikawa ndogo. Nje nilimwambia jirani wa shangazi kwamba ni pazuri sana. Palikuwa pazuri kweli. Ndiyo maana niliona aibu kutaka kukimbia.

Chuo cha chini ya mlima sikukiendea kwa makusudi. Kipo hapo mjini kwetu, nimekipita utotoni mara zisizohesabika, na kwetu Mwembesongo ukisema mtu anasoma pale watu huitikia "aa" fupi, kwa sababu kitu ukikiona kila siku hakiwezi kuwa kikubwa. Mama alinituma kupeleka mdalasini kwa mteja wake anayekaa nyumba za wafanyakazi wa chuo. Nikaupeleka. Wakati wa kurudi nikakuta kundi la wanafunzi wa misitu kwenye shamba la miti, wamevaa mabuti yenye matope. Mmoja kazungushia utepe shina la mti, mwingine anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, na mwalimu wao anawabishia kuhusu umri wa mti huo. Wakahamia kwenye mti mwingine. Nikawafuata. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Wakapanda mteremko, nikapanda, wakachimba kishimo waone tabaka za udongo, nikainama nikatazama nao. Nilijua tabaka zile. Nilizijua kutoka kwenye kingo za shamba la bibi mvua ikishamomonyoa, ila sikujua kwamba zina majina na kwamba watu wazima wanaweza kugombana juu yake mchana kutwa. Mama alipopiga simu kuuliza nimepotelea wapi, ndipo nikaona kwamba jua limeshageukia upande wa pili. Sikuwa nimechoka wala miguu haikuniwasha. Nilitulia, mimi, na sikujua nimetulia mpaka nilipoulizwa nilipo.

Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani akasema, jamani, nimepata chuo changu. Mimi nilirudi na mdomo nimeufunga. Nitasema nini? Kwamba nataka kubaki Morogoro, nilale nyumbani, nipande mlimani kila wiki kuangalia udongo wa bibi? Hicho hasa ndicho alichotaka mjomba! Nilishawasikia wanawake wa uani wakisema, si alisema yeye si mgomba, mbona kajipanda mwenyewe? Mdomo uliponza kichwa, nao wangu ulikuwa umeniponza mbele ya ukoo mzima. Nililala kitandani mchana nikijigeuza huku na huku, nikimchukia mjomba kwa kutaka kitu ninachokitaka mimi. Kama angesema niende Dar, ningebaki kwa raha zangu. Huo ndio ulikuwa ukweli na ulinikera kuliko yote.

Matokeo yakatoka, nikawa nimefaulu kuliko nilivyotarajia. Baba alichinja jogoo wawili na mmoja wao hakuwa wetu. Nikaenda steshenari ya mtaani kuomba vyuo, kwa sababu kompyuta zao zina kasi na kijana wa pale ameshayajua maombi kama sala. Nikaweka udaktari Dar. Kisha, baba akiwa nje anaongea na simu, nikaweka na misitu, chuo cha chini ya mlima. Baba aliporudi akaona, akauliza hiyo ya nini.

"Ya akiba," nikasema.

"Akiba nzuri," akasema baba. "Mtu haendi safari bila tairi la ziada." Nikatamani kumwambia kwamba tairi ndilo hilo na gari zima ndilo la ziada. Sikumwambia.

Likabaki suala la namba ya simu. Mama, ambaye alikuwa kimya wiki nzima, alikuwa amenipa sharti asubuhi ile kabla sijatoka. Niweke namba ya mjomba. Nilikuwa sijamwomba radhi tangu khitma, na mama alisema mambo ya mtoto hayaanzi bila mjomba, hata ndugu wa baba yako Dakawa wanalijua hilo. Kuweka namba yake ndiyo radhi, alisema, kwa sababu ataona umemtambua. Nikaona hilo ni jepesi. Namba tu. Kijana wa steshenari akauliza, "Hii ni yako?" Nikamjibu ni ya mzazi. Akabonyeza.

Sikujua jinsi mambo yanavyokwenda mbele. Mtu akichaguliwa na vyuo viwili, anatumiwa ujumbe wenye namba ya siri kwenye simu aliyoandikisha. Anaiingiza kwenye akaunti yake ya maombi, anathibitisha chuo kimoja, kile kingine kinampa mtu mwingine nafasi. Dirisha likifungwa hujathibitisha, unaweza kukosa vyote ukabaki unaangalia wenzako wakifungasha.

Nilichaguliwa na vyote viwili. Jina langu lilikuwepo Dar, na lilikuwepo hapa. Na namba ya siri ilikuwepo mlimani, ndani ya kitochi cha mjomba, ambacho hukifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiingie unyevu na kukitia mfuko wa shati kikiwa kimezimwa, kwa sababu anaamini simu iliyowashwa inakula betri bure.

Nikapiga siku nzima. Haipatikani. Nikapiga kesho yake, haipatikani. Baba akawa anazunguka na mimi sasa, wawili tunaitoboa sakafu ya mama. Hatimaye ikaita, mjomba akapokea kwa sauti ya mtu anayeongea na ng'ambo ya mto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba! Ujumbe upo."

"Nisomee hiyo namba, mjomba."

"Siwezi."

"Huoni vizuri?"

"Naona. Lakini imeandikwa nisimpe mtu yeyote. Mwalimu wa shule hapa kanitafsiria, neno kwa neno. Mtu yeyote."

"Mjomba, ni mimi!"

"Sauti yako naijua. Na wale matapeli wa simu, wa tuma pesa kwenye namba hii, nao wanajua kuiga sauti. Njoo." Mtandao ukakatika.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya nyuma nikacheka kwa hasira mpaka machozi yakatoka. Nilikuwa na hakika. Hakuwa anaogopa matapeli, alikuwa ameishika namba yangu mateka. Angeikalia mpaka nikubali kusoma hapa, halafu angeisoma kwa sauti mbele ya ukumbi. Na dirisha lilikuwa linafungwa kesho yake. Baba alitaka kupanda yeye, mama akasema akipanda yeye itakuwa vita. Nikapanda mimi. Safari nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mjomba, na katika maneno hayo yote nilikuwa nakwenda Dar. Kumbe hasira inaweza kumpakia mtu kwenye safari asiyoitaka. Nilishaamua. Afadhali nikose hewa miaka yote ile kuliko kumpa mjomba ushindi.

Bodaboda ilinifikisha ilipoweza, nikamalizia kwa miguu. Ilikuwa imenyesha, kama inavyonyesha upande ule hata wakati mjini kuna vumbi. Nilipita shamba la bibi bila kusimama, ingawa njia inalikata katikati, mdalasini kulia, maharage kushoto, na mgongo wa udongo mwekundu juu kabisa ambao bibi hajawahi kuupandia kitu kwa sababu unateleza. Ule mgongo nilikuwa nimeuwaza tangu siku ya wanafunzi wenye mabuti. Nilikuwa nimeshaupandia miti kichwani mwangu. Nikapita nao bila kuutazama.

Nyumbani kwa bibi nilikuta watu. Mjomba yupo, wazee wawili wa ukoo wapo, bibi amekaa kizingitini, na mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyeishia kidato cha nne na anayekaa na bibi, anapepeta mchele. Mkeka umetandikwa. Nikajua ni kikao, na mahabusu ni mimi. Nikawaamkia wote, mmoja mmoja, kwa sauti kavu.

"Kaa," akasema mjomba.

Sikukaa. "Nimefuata namba, mjomba."

"Utaipata. Kwanza kaa."

Nikakaa pembeni ya mkeka, nusu yangu nje.

Mjomba akatoa simu kwenye nailoni, akaiweka mbele yake, hakuiwasha. Akasema, "Ujumbe huu ulikuja kwangu. Mwalimu kaniambia unasema chagua chuo kimoja. Nikasema hawa watu wa vyuo ni waungwana, wamejua mtoto ana mjomba, wameniuliza mimi. Sasa jambo kama hili sijibu peke yangu. Nikaita ndugu."

Nilitaka kusema hawajakuuliza wewe, kompyuta haikujui. Nikauma ulimi.

"Siku ile ulisema wewe si mgomba," akaendelea. "Nilikasirika. Nilikaa nalo neno hilo miezi yote hii, nikilima ninalo, nikisali ninalo. Mwisho nikaona mtoto amesema kweli. Tunambana. Ana akili ya kwenda, miguu ya kwenda, sisi tunamwambia nyumba, nyumba. Nyumba gani ya kumfunga mtu?" Akawageukia wazee, wakaitikia kwa kichwa. "Tumekaa juzi. Tumekubali. Nenda Dar ukawe daktari."

Mchele ulikuwa unapepetwa, shwaa, shwaa. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno yote ya vita na sasa hapakuwa na adui. Nilimtazama mjomba nikamwona kwa mara ya kwanza amekonda tangu khitma. Lile neno nililolitupa kwa ujeuri, mtu mzima alikuwa amelibeba miezi yote ile shambani. Nilidhani hawanisikilizi. Walikuwa wamenisikiliza kupita kiasi.

"Na ili usivutwe na kitu huku nyuma," akasema bibi kutoka kizingitini, "shamba nimempa mdogo wako."

Nikageuka. Mdogo wangu aliinamisha kichwa kwenye ungo.

"Lote?"

"Lote, mpaka juu kwenye mgongo. Dua imesomwa, wazee wameshuhudia. Shamba la ukoo haliwezi kukaa linamngoja mtu wa mjini, litakuwa pori. Wewe sasa mwepesi. Nenda."

Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, ukipewa kitu na wakubwa unapokea kwa mikono miwili, na wao walikuwa wamenipa kitu kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo, walikuwa wamenipa mimi mwenyewe. Mjomba akawasha simu, akanikabidhi, akasema mtandao utaupata kwenye jiwe la juu, mdogo wako atakusindikiza. Macho yake yalikuwa na maji na alijifanya anakuna kope.

Tukapanda, mimi na mdogo wangu. Jiwe lenyewe linatazama bonde lote hadi kwenye mabati ya Kinole, na siku hiyo ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Nikainakili namba kutoka kitochi cha mjomba kwenda kwenye simu yangu. Akaunti ikafunguka polepole. Vyuo viwili vikatokea, kimoja juu ya kingine, na kitufe pembeni ya kila kimoja.

Nikabonyeza? Sikubonyeza. Nikashuka jiwe, nikapanda tena. Nikazunguka. Mdogo wangu akaniuliza kama nataka kwenda haja. Nilikuwa nafikiria baba na mafundi wenzake. Nilikuwa nafikiria mjomba, ambaye sasa, nikibaki, atanionaje? Ameumega ukoo vipande ili mimi nipite, halafu nimwambie sipiti? Kwenda Dar kungewafurahisha wote, mjini na mlimani, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe watu hao wangekubaliana jambo. Mtu mmoja tu ndiye angekosa hewa. Na mtu huyo alikuwa ameshapewa kila alichokuwa akikililia kwa makelele.

"Dada," akasema mdogo wangu, "mvua inakuja, chagua."

"Ungekuwa wewe?"

Alinishangaa. "Mimi sijachaguliwa na yeyote," akasema, bila kinyongo, kama mtu anayekuambia saa.

Nikaona aibu, nikarudi kwenye simu. Nilimkumbuka yule mwanamke wa wodini aliyenipungia mkono, nikajua ningemhudumia huku natazama mlango. Alistahili mtu mwingine, mtu asiyetikisa mguu. Yupo mahali fulani anayeililia nafasi ile, atulie nayo. Nikabonyeza chuo cha chini ya mlima. Kikazunguka, kikazunguka, mtandao ukapotea, ukarudi, kikaandika kimethibitishwa.

Kushuka ndiko kulikokuwa kugumu. Nilisimama mbele ya mkeka nikasema sijachagua Dar, nimechagua misitu, hapa, na kwamba hakuna aliyenilazimisha, ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Mzee mmoja akafikiri natania. Mjomba aliichukua simu yake akairudisha kwenye nailoni, akaikunja nailoni mara kadhaa kuliko inavyohitajika.

"Ulitaka kubaki," akasema.

"Ndiyo mjomba."

"Siku ile ya khitma, ulitaka kubaki?"

"Siku ile nilikuwa sijui. Nilijua baadaye."

"Na hukusema."

Bibi akawa ananitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko ukali. Akasema polepole, "Mjukuu wangu, shamba siwezi kulirudisha. Neno limeshasemwa na mdogo wako hana kosa."

"Najua, bibi."

"Sitaki uje kumgombeza."

"Sitamgombeza."

Baba hakuniita daktari tena, na wala hakunigombeza, alisema tu kwamba tairi la ziada nalo linafika, kisha akatoka kwenda kurekebisha pampu ambayo nadhani haikuwa mbovu. Mama alicheka peke yake jikoni. Sijui alicheka nini hadi leo. Na chuo kimenikubali kama kiatu kilichozoea mguu. Simaanishi nimetulia. Bado natembea wakati wa mihadhara mpaka mwalimu mmoja ameniruhusu nisimame nyuma. Lakini tukitolewa nje, kwenye mteremko, na buti na utepe, ule muwasho wa miguu huondoka, na huwa nasahau kutazama saa.

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuchagua mteremko wa milima yetu unaoporomoka, tuupime, tupendekeze miti. Sikuhitaji kufikiri. Nilipanda Kinole na wenzangu wawili, tukafika kwenye ile njia inayokata katikati ya mdalasini na maharage. Wenzangu wakataka kupita moja kwa moja. Nikawazuia. Nikasimama pembeni ya shamba nikapiga hodi, mara ya kwanza maishani mwangu mahali pale.

Mdogo wangu alinyanyuka kutoka kwenye matuta, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Amekuwa mtu mzima. Akatutazama, akautazama utepe niliokuwa nimeushika.

"Mnataka kupima nini kwenye shamba langu?"

Nikamwambia ule mgongo wa juu, kwamba unaliwa na mvua, kwamba tungependa kuona kama miti fulani itaushika, kama yeye ataridhia. Nilijisikia naongea kama mtu wa miradi. Alifikiri muda mrefu, kama anavyofikiri mjomba, mkono mmoja ukipapasa mgongo wa mtoto.

"Pimeni," akasema. "Nitamuuliza mjomba kuhusu miti." Kisha akaniona nimeinua mguu, akanyoosha jembe kunionyesha pa kupita nisimkanyagie maharage.